Mizani ya Kijiji na Bakuli la Mtoto: Lishe ya Watoto Wadogo Mkoani Iringa, 1983–1988

Tunapolitaja neno utamaduni, wengi wetu hukumbuka ngoma, ngonjera, vinyago na mavazi ya jadi. Ni haki kuvikumbuka. Hata hivyo utamaduni wa taifa umo pia katika mambo ya kila siku ambayo hayana mtazamaji: jinsi tunavyolima, tunavyosaga, tunavyopika, na hasa jinsi tunavyomlisha mtoto ambaye bado hajui kuomba chakula kwa maneno. Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuhusu adabu. Katika makala haya tunakusudia kuifasiri kuhusu mwili, yaani uzito, kimo na uhai wenyewe wa mtoto.

Swali letu ni hili: Kwa nini mtoto wa mwaka mmoja au miwili hukonda katika nyumba ambayo ghala lake limejaa mahindi? Tutalijibu kwa kueleza historia ya mkoa mmoja wa nchi yetu, Iringa, ambako kati ya mwaka 1983 na 1988 vijiji 168 viliamua kupima uzito wa watoto wao na kulizungumza hadharani lile walilolikuta. Tutajaribu kuonyesha kwamba chakula cha nyongeza humfaa mtoto pale tu panapokuwa na mambo matatu: milo ya kutosha kwa siku, uji wenye unga wa kutosha, na mlezi mwenye muda wa kulisha. Tutaonyesha pia kwamba mambo hayo matatu hayawezi kuwa mzigo wa mama peke yake.

Majina ya ugonjwa na lawama zake

Ugonjwa wa mtoto kupungukiwa na lishe si mgeni Afrika, na kila jamii iliupa jina. Jina lililoenea duniani ni la Kiafrika. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliueleza ugonjwa huo katika maandishi yake ya mwaka 1933, na mwaka 1935 akautumia hadharani kwa jina walilolitumia Waga, kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake baada ya mdogo wake kuzaliwa. Kiswahili kimelipokea jina hilo kwa umbo la kwashakoo, na pia kina neno lake lenyewe, unyafuzi. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu na uso, nywele zake hubadilika rangi na kunyonyoka kwa urahisi, naye hupoteza hamu ya kula na kucheza. Yafaa msomaji atambue kwamba jina la Waga lina elimu ndani yake. Lilikuwa limekwisha kuona kwamba hatari humjia mtoto wakati anapoachishwa ziwa, mapema kuliko mwili wake unavyohitaji.

Katika sehemu nyingi za Tanzania watu walilieleza jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Husemwa kwamba mtoto "amebemendwa", maana yake wazazi wake wamekutana kimwili kabla hajaacha kunyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na kwa hiyo mtoto amedhoofika. Desturi hii isichekwe. Kwa karne nyingi iliwasaidia wazee wetu kupanga nafasi ya miaka miwili au zaidi kati ya mtoto na mtoto, na nafasi hiyo iliokoa maisha. Lakini ilikuwa na upande wa pili. Mtoto alipokonda, jamii ilipata wa kumlaumu kabla haijauliza mtoto amekula nini, mara ngapi, na nani aliyemlisha. Mara nyingi aliyelaumiwa alikuwa mama. Naye, akijua atakavyosemwa, alimficha mtoto ndani badala ya kumpeleka zahanati. Hivyo aibu ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Chakula cha kugawiwa na mipaka yake

Wakuu wa afya wa miaka ya 1950 na 1960 walidhani kwamba dawa ya tatizo hili ni maziwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilipeleka maziwa ya unga katika kliniki za nchi nyingi za Afrika na kwingineko. Nchi nyingine zilitengeneza unga maalumu wa watoto: Guatemala ilikuwa na Incaparina, Ethiopia ilikuwa na Faffa. Juhudi hizo ziliwasaidia watoto wengi, na hatuna sababu ya kuzidharau. Lakini mwaka 1982 wataalamu George Beaton na Hossein Ghassemi walitoa tathmini ya mipango mingi ya kugawa chakula kwa watoto wadogo katika nchi mbalimbali, wakaona kwamba kwa jumla faida yake katika ukuaji wa watoto ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Sehemu ya chakula kilichokusudiwa mtoto ililiwa na wengine nyumbani, na mara nyingine chakula hicho kilichukua mahali pa kile ambacho mtoto angekipata kwa kawaida.

Wataalamu hulitaja jambo hilo kama uvujaji. Sisi tuliokulia katika desturi ya kula pamoja twaweza kulieleza kwa jina jingine. Mama anayerudi na unga wa mtoto mmoja hukuta nyumbani watoto wanne, na mila haimruhusu kumlisha mmoja huku wengine wakimtazama. Huo si wizi wala ujinga. Ni adabu ya sinia moja. Adabu hiyo hiyo, hata hivyo, ina hasara kwa mdogo kuliko wote. Mtoto wa miezi 18 hula polepole. Tonge lake ni dogo. Akishiba macho huondoka kucheza, na arudipo sinia tupu. Basi mpango wowote wa chakula cha nyongeza usioijua desturi ya mezani, au tuseme ya mkekani, utamwaga maji katika pakacha.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Jirani zetu wa Uganda, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, walianzisha mwaka 1965 kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu. Hapo mama alikaa na mtoto wake mgonjwa na kujifunza kupika kitobero, yaani chakula cha mchanganyiko, kwa vitu vinavyopatikana shambani kwake, ili arudi nyumbani na ujuzi ambao hauishi kama unga uishavyo.

Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 1973 iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo kampeni ya redio na vikundi vya kusoma, Mtu ni Afya, iliwafikia watu wapatao milioni 2, na mwaka 1975 ikafuatiwa na kampeni ya Chakula ni Uhai. Wananchi wengi walijifunza makundi ya vyakula. Lakini kujua makundi ya vyakula hakutoshi kueleza kwa nini nyumba yenye mahindi, maharage na karanga bado ina mtoto aliyekonda. Kwa hilo hatuna budi kuingia jikoni na kufanya hesabu.

Hesabu ya bakuli

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anayeendelea kunyonya huhitaji, mbali na maziwa ya mama, chakula chenye nguvu ya kilokalori zipatazo 550 kwa siku. Tumbo lake ni dogo: kwa mlo mmoja hubeba takriban mililita 250, yaani bakuli dogo moja. Sasa tuutazame uji. Ili uji wa mahindi unyweke vizuri na mtoto, wapishi wengi hutia unga kidogo sana, tuseme gramu 5 katika kila mililita 100. Bakuli moja la uji huo lina unga wa gramu 12 na nusu, nao hutoa takriban kilokalori 44. Mwanafunzi na agawe 550 kwa 44. Atapata kwamba mtoto huyo anahitaji bakuli zaidi ya 12 kwa siku. Hakuna mama awezaye kupika mara 12, wala mtoto awezaye kunywa bakuli 12. Mtoto hujaa maji, tumbo linamtoka, kila aonaye husema ameshiba, kumbe ana njaa.

Tukiongeza unga hadi gramu 20 katika mililita 100, bakuli moja litatoa kilokalori zipatazo 175, na bakuli tatu zitakaribia mahitaji yote. Ila hapo kuna kikwazo: uji wa unga mwingi namna hiyo huwa mzito kama ugali, na mtoto asiye na magego hawezi kuumeza. Kwa hiyo mama ana njia mbili tu za kawaida: uji mwepesi usioshibisha, au uji mzito usiolika.

Tuongeze jambo la muda. Iringa ni miongoni mwa mikoa minne ya kusini iliyosifika kwa kulisha taifa mahindi, pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Mahindi hayo yalilimwa kwa mikono, na mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake. Tangu enzi ya ukoloni wanaume wengi wa Njombe walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakawaachia wake zao shamba, kuni, maji na watoto. Baadaye, watu walipokusanywa vijijini katika miaka ya 1970, baadhi ya familia zilijikuta mbali zaidi na mashamba yao ya zamani. Mama aliyeondoka alfajiri na kurudi jioni alimwachia mtoto mdogo dada yake wa miaka saba pamoja na uji uliopoa. Milo ilikuwa miwili, pengine mmoja na nusu. Ghala lilikuwa limejaa. Siku ya mama ndiyo iliyokuwa fupi.

Elimu iliyokuwamo katika mtungi

Kwa ule mkwamo wa uji mwepesi na uji mzito, ufumbuzi mmoja ulikuwa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1983 A. C. Mosha wa Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu unga wa nafaka zilizooteshwa. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue kwa siku mbili au tatu, hukaushwa, kisha husagwa. Katika kuchipua, mbegu hutoa vimeng'enya ambavyo hukata wanga katika vipande vidogo. Unga huo ukitiwa kijiko kimoja katika uji mzito wa vuguvugu, uji huo hulainika na kuwa majimaji kwa muda wa dakika chache, bila kupoteza nguvu yake. Mtoto anaweza kuunywa uji wenye unga wa gramu 20 kana kwamba una gramu 5. Kisha uji huchemshwa tena ili uwe salama. Kwa mtama hapana budi machipukizi yaondolewe, kwa maana yana sumu. Ulezi hauna hatari hiyo.

Unga huo ni nini? Ni kimea. Kila mwanamke wa Iringa aliyewahi kutengeneza togwa au pombe alikijua. Mikono yake ilijua siku ngapi nafaka ichipue, ikaukie wapi, na uji unavyolegea mara tu kimea kitiwapo. Maabara iliufafanua ujuzi huo na kuuelekeza kwa mtoto, lakini haikuuvumbua. Tunalisisitiza jambo hili kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba sayansi na mila ni mahasimu. Hapa mila ilikuwa na jibu ambalo halikuwa limeulizwa swali. Pengine si kazi bure kukumbuka pia kwamba katika Kiswahili nafaka hii na kazi ya kulea hutamkwa kwa neno moja: ulezi.

Lakini tusivuke mpaka wa ukweli. Kimea peke yake hakimalizi kazi. Hakileti damu, mifupa wala misuli. Kwa hayo mtoto anahitaji karanga, maharage, dagaa, maziwa au yai, mboga za majani na matunda. Aidha, kutengeneza kimea huchukua siku kadhaa na kazi nyingi, na kazi hiyo humwangukia yule yule ambaye tumekwisha kusema kwamba hana muda. Kwa sababu hiyo ufumbuzi wa jikoni ulihitaji ufumbuzi wa kijiji.

Mizani ya kijiji

Desemba 1983 ulizinduliwa mpango wa lishe wa Iringa, ulioendeshwa na Serikali ya Tanzania pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia. Jambo lake kuu lilikuwa siku ya afya ya kijiji. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote walio chini ya miaka mitano waliletwa mahali pamoja, wakatundikwa katika mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye tawi au boriti, na uzito wao ukaandikwa katika kadi. Mtoto aliyekuwa na chini ya asilimia 80 ya uzito uliotarajiwa kwa umri wake alihesabiwa kuwa na uzito pungufu. Aliyekuwa chini ya asilimia 60 alihesabiwa kuwa katika hatari kubwa.

Mizani ilikuwa imekuwapo katika kliniki tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa mahali jibu lake lilipopelekwa. Hesabu ya watoto ilifikishwa mbele ya Serikali ya Kijiji, ikajadiliwa na wazee na viongozi, kisha ikapanda hadi kata, tarafa, wilaya na mkoa. Kijiji kilitakiwa kufuata hatua tatu: kutathmini hali, kuchambua sababu, na kutenda kwa uwezo kilio nao; baada ya miezi mitatu mizani ikawaambia kama walitenda vema. Kwa mara ya kwanza wanaume waliokaa barazani walilazimika kujibu swali ambalo lilikuwa limeachwa jikoni: Watoto wetu wangapi wamekonda, na kwa nini?

Majibu hayakuwa ya hospitali tu. Kijiji kiliweza kugundua kwamba uzito ulishuka kila msimu wa palizi, wakati mama yuko shambani kutwa. Basi vijiji vilianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana, ambako mtoto alipata ile milo iliyokosekana nyumbani. Wahudumu wa afya wa vijiji waliofunzwa waliwatembelea wale waliozidiwa. Elimu ilitolewa ya kumlisha mtoto mara nyingi zaidi kwa siku na kumtengea chakula chake katika chombo chake. Chombo hicho kidogo kilikuwa mageuzi ya kitamaduni, kwani kilimtoa mdogo katika mashindano ya sinia bila kuivunja desturi ya kula pamoja. Ndipo methali "Mkono mmoja haulei mwana" ilipoacha kuwa mapambo ya hotuba ikawa kanuni ya utawala.

Matokeo yake yalionekana. Mwaka 1984, katika vijiji vya mpango, watoto wapatao 56 katika kila 100 walikuwa na uzito pungufu. Mwaka 1988 walikuwa wapatao 38. Waliokuwa katika hatari kubwa walipungua kutoka karibu 6 katika kila 100 hadi karibu 2. Chanjo, maji na huduma nyingine za mpango huo pia zilichangia, na hatudai kwamba bakuli na mizani vilifanya yote. Lakini badiliko hilo lilipatikana katika miaka ambayo uchumi wa taifa ulikuwa katika dhiki kubwa, bidhaa zikiwa adimu madukani. Mikoa mingine ilianza kuufuata mfano huo, na wataalamu wa lishe wa nchi nyingi wakaja kuusoma.

Funzo lisilokwisha

Ingekuwa rahisi kuishia hapo kwa shangwe. Historia, hata hivyo, haituruhusu. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao. Mkoa ulioongoza kwa udumavu ulikuwa Iringa, kwa watoto wapatao 57 katika kila 100. Njombe, uliokuwa sehemu ya mkoa huo hadi mwaka 2012, ulikuwa na wapatao 50. Kipimo cha kimo si sawa na kipimo cha uzito kilichotumika mwaka 1984, na hivyo namba hizi zisilinganishwe kana kwamba ni kitu kimoja. Uzito hupungua na kurudi kwa miezi. Kimo hupotea polepole, kuanzia tumboni mwa mama hadi mwaka wa pili, na kwa sehemu kubwa hakirudi. Lakini maana yake kwa msomaji ni wazi. Mkoa unaovuna mahindi mengi bado una watoto wafupi kuliko mikoa inayovuna machache. Ghala si bakuli.

Kutokana na hayo twaweza kutoa mafunzo matatu. La kwanza, mtoto aliyekwisha kuzidiwa, aliyevimba au aliyebaki ngozi na mifupa, apelekwe hospitali bila kukawia, kwa maana anahitaji matibabu na chakula maalumu cha tiba. Uji wa nyumbani humfaa kabla ya hapo na baada ya hapo. La pili, chakula cha nyongeza ni kazi ya kila siku na hakina mwisho wa mradi. Mizani ikiachwa kuning'inia bila kikao cha kuuliza sababu, inabaki chuma tu. La tatu, aibu haimlishi mtoto. Iringa ya mwaka 1984 ilipiga hatua siku kijiji kilipoacha kumuuliza mama peke yake "umefanya nini?" na kuanza kujiuliza chenyewe "tumefanya nini?"

Waalimu wanaweza kuifanya hesabu ya bakuli darasani kwa unga na maji, na wanafunzi wanaweza kuwauliza bibi zao jinsi kimea kinavyotengenezwa kabla ujuzi huo haujapotea pamoja na wenyewe. Kisha kila mmoja na aende nyumbani amtazame mtoto mdogo kuliko wote wakati wa chakula, ahesabu matonge yanayomfikia. Hapo ndipo utafiti wa utamaduni wa taifa unapoweza kuanza.